Sura ya Saba: Fyuzi Mdomoni mwa Betri

Katika nchi ya kusini mwa Maniema, kuanzia Kasongo hadi Kabambare na kuendelea mashariki kuelekea Salamabila na machimbo ya dhahabu ya Namoya, amplifaya iliyoundwa kwa ajili ya gari haikai garini peke yake. Utaikuta msikitini, ambako adhana ya alfajiri hutoka katika pembe ya bati inayolishwa na betri moja iliyowekwa kando ya mihrabu. Utaikuta kanisani nyuma ya waimbaji, harusini chini ya turubai, matangani watu wanapokesha, na katika vibanda vya kuonyeshea filamu na kandanda. Sababu yake ni dhahiri kwa kila aijuaye nchi hiyo: umeme wa nguzo haujawa mali ya nyumba nyingi, na nguvu waliyo nayo watu ni ile ya volti 12 ambayo sahani za sola huikusanya mchana na betri huiweka akiba mpaka usiku, na chombo kiwezacho kuigeuza nguvu hiyo kuwa sauti kubwa, bila ya kungoja jenereta wala kununuliwa mafuta, ni hicho hicho ambacho mtengenezaji wake alikikusudia kiti cha nyuma cha gari.

Njia iliyokipitisha chombo hicho si ngeni. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo, ambako Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makao yake makuu, na ikaendelea hadi Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Na pamoja na pembe za ndovu na watumwa na nguo za pwani, ndiyo njia iliyokileta Kiswahili ambacho wenyeji wa huko wanakisema hata leo. Siku hizi bidhaa nyingi za umeme hushuka bandarini Dar es Salaam, zikavuka ziwa, zikapakiwa juu ya malori au kufungwa nyuma ya pikipiki, na barabara ya udongo mwekundu ikazitikisa kwa siku kadhaa kabla hazijafika dukani. Amplifaya hufika salama. Visivyofika nayo, aghalabu, ni waya wake, kishikilia fyuzi chake, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma. Na hivyo fundi huachiwa ajitafutie mwenyewe waya wa kuiunga kwenye betri. Sura hii nimeikusudia kwa ajili ya fundi huyo, na kwa imamu, mchungaji, dereva na mwenye harusi ambao watalala, au watasali, karibu na kazi ya mikono yake.

La kwanza ambalo sharti liondolewe ni dhana kwamba volti 12 haziwezi kudhuru. Dhana hii ina asili ya kweli, kwa maana ngozi kavu ya mwanadamu huuzuia mkondo wa nguvu ndogo namna hiyo, na mtu aweza kushika vichwa vyote viwili vya betri kwa mikono miwili asione kitu. Lakini shaba si ngozi. Betri ya gari imetengenezwa mahsusi ili iweze kutoa kwa mara moja mkondo mkubwa wa kuiwasha injini, ampea mia moja, mia mbili, na katika injini kubwa za dizeli zaidi ya hapo. Na uzuiaji uliomo ndani ya betri nzima, iliyojaa, hauzidi sehemu moja ya mia ya ohmu, na katika betri kubwa hupungua chini ya hapo mara kadhaa. Ukikigusanisha kichwa chake chanya na kile hasi kwa spana, basi ampea elfu moja na zaidi zitapita katika spana hiyo, na itaganda pale ilipogusa kana kwamba imechomelewa. Umeme wa mji hutia hofu kwa sababu humpiga mtu. Huu wa betri hauonyeshi ukali wake mpaka waya uwe umeshashika moto.

Natuifanye hesabu, kwa kuwa hesabu katika jambo hili huzungumza vizuri kuliko nasaha. Waya ulio mwepesi kupatikana madukani ni ule wa kutandazia umeme wa nyumba, wenye shaba ya unene wa milimita 2.5 za mraba, na mafundi wengi huutumia kwa kazi zote. Chukua mita 5 za waya huo, ambao ni urefu wa kutosha kutoka kwenye betri ya Land Cruiser mpaka nyuma ya viti. Shaba yenye urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba ina uzuiaji wa ohmu 0.0175, kwa hiyo waya wetu una ohmu 0.035. Sasa mwisho wake uguse bodi la gari, ambalo mafundi wa huku huliita masi: ohmu 0.035 za waya pamoja na 0.01 za betri ni 0.045, na volti 12 zikigawanywa kwa kiasi hicho zatoa ampea 270 hivi. James Prescott Joule alikwisha kuthibitisha mnamo mwaka 1841 kwamba joto hukua kwa mkondo uliozidishwa kwa nafsi yake kisha kwa uzuiaji, na kwa kanuni yake waya huu utapokea joto la wati 2,500 hivi. Shaba yote iliyomo ndani ya mita hizo 5 ina uzito wa gramu 112 tu, na kwa joto hilo hupanda takriban nyuzi 60 kila sekunde. Ganda lake la plastiki limekadiriwa kustahimili nyuzi 70. Kabla ya sekunde mbili kutimia ganda limekwisha kulainika, na baada ya hapo kidogo linayeyuka na kutoa moshi wenye tindikali unaochoma macho na koo, na shaba iliyo uchi na nyekundu kwa moto imelala juu ya zulia, sponji ya kiti na chochote kingine kilichokuwa jirani nayo.

Hakuna dereva awezaye kusimamisha gari, kufungua boneti na kutafuta spana ya namba 10 katika sekunde mbili. Kwa sababu hiyo kazi hii hukabidhiwa kipande cha madini chenye wembamba uliopimwa, kinachokufa kwa makusudi ili waya upone. Wazo hilo ni la zamani kuliko magari yenyewe: Louis Breguet wa Ufaransa alishauri mwaka 1847 kwamba vituo vya simu za maandishi vilindwe na radi kwa kuwekewa vipande vya waya mwembamba, na mwaka 1890 Thomas Edison akapata hataza ya fyuzi kwa ajili ya mitambo yake ya taa. Fyuzi za bapa zenye miguu miwili na mgongo wa plastiki, ambazo leo zimo katika karibu kila gari lipitalo Kasongo, zilizuka katika miaka ya 1970, na rangi zake ni lugha moja duniani kote: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20, isiyo na rangi ni 25, na kijani ni 30.

Hapa ndipo penye kosa lililo kubwa kupita yote, na ambalo nitakaa juu yake zaidi. Mafundi wengi, hata walio hodari katika mambo mengine, huitakidi kwamba fyuzi, au fizibule kama isemwavyo huku, ni mlinzi wa amplifaya. Kwa hiyo wakiona kwamba amplifaya ina fyuzi zake mbili ubavuni, hudhani ulinzi umekwisha kutimia, na kama wakiongeza nyingine, huiweka jirani na amplifaya, mahali panapofikiwa kwa urahisi. Zile za ubavuni ni kweli zimewekwa kwa ajili ya chombo. Lakini waya unaotoka betri hadi hapo haulindwi nazo hata kidogo, kwa maana ukichubuka katikati ya safari na kugusa bodi, mkondo utatoka katika betri, utapita kwenye waya, utarejea kwa njia ya bodi, na hautafika kwenye fyuzi hizo abadani. Fyuzi hulinda kile kilicho mbele yake tu, na kilicho nyuma yake, baina yake na betri, hakina mlinzi. Kwa hiyo mahali pake ni kwenye mdomo wa betri, upande wa chanya, na wenye kuandika kanuni za kazi hii wameweka mpaka wa sentimita 45. Mimi humshauri fundi asikifanye kipimo hicho kuwa ruhusa, bali aikaribishe fyuzi kwa kadiri kishikilia chake kinavyokubali, shubiri moja au pungufu, na hicho kipande kifupi kilichobaki akivike mpira wa pili.

Barabara za nchi hii zinaizidishia kanuni hiyo uzito. Baina ya Kasongo na Kabambare kuna zaidi ya kilomita mia moja, na katika majira ya mvua lori huweza kukwama mara kadhaa, likasukumwa, likainuliwa kwa magogo, na kila kiungo cha bodi lake kikasuguana na jirani yake. Waya upitao katika tundu la ukuta wa chuma baina ya injini na chumba cha dereva huliwa na ukingo wa tundu hilo kidogo kidogo, kila mtikisiko ukitoa chembe ya ganda, mpaka siku ambayo chuma na shaba hukutana. Ni lazima tundu hilo livikwe pete ya mpira. Ikiwa haipatikani dukani, kipande cha mpira wa tairi la ndani kilichokatwa vizuri na kufungwa kwa waya wa chuma pande zote mbili chaweza kuishika kazi hiyo kwa miaka. Ukishapita, waya ufungwe kwenye bodi kila baada ya shubiri mbili ili usipate nafasi ya kucheza, na usipitishwe chini ya reli ya kiti, wala karibu na bomba la moshi, wala, nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao, jirani na mahali pa kuwekea madumu ya petroli. Katika nchi ambayo mafuta huuzwa kwa chupa na kusafirishwa kwa madumu ya plastiki ndani ya gari lile lile walimo abiria, cheche moja haina haja ya kungoja ganda liyeyuke.

Kisha huja swali la ukubwa wa fyuzi, na jawabu lake hutokana na waya. Kwanza hutafutwa mkondo ambao chombo kitautaka, pili huchaguliwa waya uwezao kuuchukua mkondo huo bila ya kupata moto, na mwisho huchaguliwa fyuzi ambayo itakatika kabla waya haujadhurika. Kwa waya wa shaba safi wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi isizidi ampea 20; kwa milimita 4, ampea 30; kwa milimita 6, ampea 40; kwa milimita 10, ampea 60; kwa milimita 16, ampea 80; na kwa milimita 25, ampea 100. Vipimo hivi nimevipunguza kwa hadhari, kwa kuwa joto la mchana wa Maniema ndani ya gari lililofungwa huwa limekwisha kuanza kazi kabla umeme haujaingia.

Mkondo wa chombo usiaminiwe kwa maandishi yaliyo juu ya sanduku lake. Amplifaya nyingi huchorwa kwa herufi za dhahabu wati 1,000 au 2,000, ilhali ubavuni mwake mna fyuzi moja ya ampea 30. Ampea 30 kwa volti 13.8, ambazo ni volti za gari likiwa linawaka, hazitoi zaidi ya wati 414 za kuingia. Na amplifaya za mtindo wa zamani, uitwao AB, hugeuza kuwa sauti nusu ya nguvu hiyo au kupita kidogo, na iliyobaki huipoteza kwa joto kwenye mapezi yake ya alumini, kwa hiyo wati zinazofika kwenye spika ni 200 na kitu. Zile za mtindo mpya, uitwao D, hupoteza sehemu moja tu katika tano au pungufu, nazo kwa sababu hiyo zinafaa mno mahali ambapo kila ampea imetokana na jua la jana. Basi fundi ajumlishe ampea za fyuzi zilizomo ubavuni mwa chombo, na jumla hiyo aichukue kuwa ndiyo haja yake ya juu kabisa. Mwenye amplifaya ya fyuzi mbili za 25 atapanga waya wa ampea 50, na katika vipimo nilivyovitaja hapo juu hatashuka chini ya milimita 10.

Tena urefu hudai haki yake. Tuseme ampea 50 zapita katika zile mita 5 za waya wa nyumba, bila ya ajali yoyote, na muziki ukiwa umepanda: volti 1.75 zitapotelea njiani, na kila mita ya waya itakuwa inatoa joto la wati 17 na nusu, na amplifaya itakayopokea volti 11 mahali pa 13 itaikwaruza sauti, na mwenye sherehe ataongeza sauti akidhani haitoshi. Kwa waya wa milimita 16, upotevu huo hushuka hadi robo ya volti. Ndivyo usalama na uzuri wa sauti vinavyokwenda njia moja, na fundi aliyeshindwa kumshawishi tajiri wake kwa kumtajia moto aweza kumshawishi kwa kumtajia besi.

Mnunuzi wa waya awe na macho. Zimejaa sokoni nyaya nene kwa kutazama, nyekundu kwa rangi, ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na uzuiaji wa alumini ni mara moja na nusu na zaidi ya ule wa shaba. Chukua uzi mmoja wa waya huo uukwangue kwa wembe: ukiwa mweupe kwa ndani, ni alumini. Uzito wake mkononi pia ni ushahidi, maana alumini ni nyepesi kuliko shaba kwa zaidi ya mara tatu. Waya wa namna hiyo si haramu kuutumia, ila fyuzi yake ishushwe daraja moja na unene wake upandishwe daraja moja, na viungo vyake vikazwe tena baada ya wiki chache, kwa sababu alumini hulegea ikibanwa. Fauka ya hayo, ganda lililo nene kupita kiasi hudanganya; unene unaohesabiwa ni wa madini.

Nimefikia jambo ambalo kila mtu wa huku amewahi kuliona. Fyuzi imekatika katikati ya harusi, duka limefungwa, bibi harusi anangoja kuingia, na mtu mmoja huokota uzi wa shaba akauzungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyokufa, na muziki ukarejea, na watu wakashangilia. William Preece wa Wales alizipima nyaya za namna hiyo katika miaka ya 1880, na kwa kanuni yake uzi wa shaba wenye kipenyo cha nusu milimita huyeyuka kwenye ampea 28, ule wa milimita moja huyeyuka kwenye ampea 80, na ule wa waya mzima wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba hauyeyuki mpaka ampea 190. Aliyeuweka uzi huo hakuchagua kiasi chochote; ameweka alichookota. Ikiwa ameweka kipande cha waya ule ule unaotakiwa kulindwa, basi kilicho dhaifu kuliko vyote katika njia nzima sasa ni ganda la plastiki. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na msumari ni katika jamii hiyo hiyo ya hatari. Asiyetaka kufika hapo aweke fyuzi za akiba, tatu au nne za kiasi kile kile, zimefungwa kwa utepe ubavuni mwa betri, kwa maana bei yake haifikii bei ya soda za meza moja ya wageni.

Na kama fyuzi inakatika mara kwa mara bila ya kuwapo shoti? Fyuzi nzuri ya bapa huchukua asilimia 110 ya kiasi chake kwa saa 100 bila kukatika. Kwa asilimia 135 huweza kustahimili mpaka dakika 10. Na kwa asilimia 200 hukatika ndani ya sekunde 5 au mapema zaidi. Hivyo haikatiki kwa pigo moja la ngoma, na ikikatika imeona mzigo uliozidi kwa muda. Dawa ni kupandisha waya na fyuzi pamoja, au kupunguza spika, na katu si kupandisha fyuzi peke yake juu ya waya ule ule. Ikiwa plastiki ya fyuzi imeyeyuka na uzi wake wa ndani ungali mzima, ugonjwa uko kwenye kishikilia kilicholegea: kiungo chenye ohmu 0.01 tu, kikipitiwa na ampea 50, hutoa joto la wati 25 mahali padogo kama ukucha, na hilo ni joto la pasi ya kulehemu. Kwa sababu hiyo viungo vya mkondo mkubwa vibanwe kwa vichwa vya shaba na kukazwa kwa bolti. Lehemu hulainika ikipata moto, na pale inapoishia waya huwa mkavu na kuvunjika kwa mtikisiko. Wala ncha ya waya isilowekwe lehemu kisha ikabanwa na skrubu, kwani madini hayo laini hukimbia taratibu chini ya shinikizo, na skrubu iliyokazwa mwezi huu hulegea mwezi ujao.

Upande wa hasi mafundi huudharau, ilhali kila ampea iliyokwenda sharti irudi. Garini, waya wa hasi uwe na unene sawa na wa chanya, uwe mfupi, na ufungwe kwa bolti yake wenyewe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa, kisha kikapakwa grisi dhidi ya kutu. Na bolti za mikanda ya usalama zisiguswe kwa kazi hii. Msikitini na kanisani hakuna bodi. Huko waya wa kurudi ni waya kamili, na urefu wa hesabu huwa maradufu: betri ikiwa umbali wa mita 5, umeme umesafiri mita 10. Nimeona mahali pengi betri ikiwekwa mbali, chumba cha nyuma, ili watoto wasiiguse, na nyaya ndefu nyembamba zikaburutwa ukutani hadi kwenye chombo. Heri kinyume chake: betri na amplifaya vikae pamoja katika sanduku moja lenye matundu ya hewa, nyaya zao zisizidi mita moja, na zile za spika ndizo zirefushwe. Mita 8 za waya wa nyumba wa milimita 2.5 kwenda kwenye spika ya ohmu 4 hupoteza chini ya asilimia tatu tu, na hapo ndipo mahali halali pa waya huo.

Matundu ya hewa nimeyataja kwa sababu. Betri ya tindikali inapojazwa hutoa gesi ya hidrojeni, nayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Kwa hiyo sanduku lisizibwe, mshumaa usiwekwe juu yake, na kichwa cha betri kisiungwe wala kufunguliwa wakati sola inaijaza. Katika nyumba zilizoezekwa kwa majani, ambako moto huzimwa kwa ndoo, sanduku hilo liwekwe chini, mbali na fito za ukuta, juu ya tofali.

Kwenye sola kuna mtego wake. Kidhibiti chaji, kile kisanduku kidogo kilicho baina ya sahani na betri, kina matundu mawili yenye alama ya taa, na ni rahisi kudhani kwamba hapo ndipo pa kuungia kila kitu. Vidhibiti vya kawaida vimekadiriwa ampea 10 au 20, na amplifaya ya ampea 40 iliyoungwa hapo itakiua, pengine kwa kukiunguza. Amplifaya iungwe moja kwa moja kwenye betri kwa waya wake na fyuzi yake, na waya wa sahani uwe na fyuzi yake nyingine. Betri mbili zilizounganishwa sambamba ziwe na fyuzi mbili, kila moja mdomoni mwake, kwa maana moja ikiharibika kwa ndani ile nzima huimwagia nguvu zake zote. Na kwa kuwa amplifaya iliyoungwa hivyo haina kidhibiti cha kuizuia, mwenye nayo aitazame mita: betri iliyopumzika huonyesha volti 12.7 ikiwa imejaa na 12.2 ikiwa nusu, na betri ya gari ikizoeshwa kushuka chini ya hapo haitaishi miaka yake.

Wenye malori ya Fuso na mengine ya volti 24 wana neno lao peke yao. Lori hilo lina betri mbili zilizopangwa mfululizo, na desturi iliyoenea ni kuichotea redio na amplifaya volti 12 kutoka kwenye mojawapo. Altaneta huzijaza zote mbili kwa pamoja bila ya kujua kwamba moja imechotwa. Inayochotwa hubaki na njaa, na mwenzake hujazwa kupita kiasi mpaka maji yake yakakauka, na baada ya miezi lori hukataa kuwaka asubuhi moja huko Salamabila. Kinachotakiwa ni kipunguza volti chenye ampea za kutosha, nacho kipate fyuzi upande wake wa volti 24.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua kichwa hasi cha betri, kabla ya spana kugusa kitu kingine chochote, na huishia kwa kukirudisha hicho hicho, fyuzi ikiwa bado mfukoni mwa fundi. Kwanza apime kwa mita kwamba waya chanya haugusi bodi mahali popote. Ndipo aitie fyuzi. Kisha muziki upigwe kwa sauti ya harusi kwa nusu saa, na fundi apitishe kiganja juu ya waya wote, kishikilia fyuzi, na kila kiungo: vuguvugu si kitu, lakini kinachomfanya aondoe mkono kifunguliwe na kukazwa upya siku hiyo hiyo. Apime volti kwenye betri, na tena kwenye amplifaya, sauti ikiwa juu. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo ni kibovu. Na gari likirudi kutoka safari ya mvua, lipite kwake kabla ya kupakia tena, aitazame ile pete ya mpira kwenye tundu la ukuta wa injini, na akaze bolti ya hasi.